Zima Injini Kwanza

Bukavu inakula kwa mgongo wa Walungu. Kabla jua halijachomoza vizuri, wanawake wanaingia mjini wakiwa wamebeba makala, ndizi, mihogo, kuni na bidoni za kasiksi, pombe ya ndizi. Mzigo umelala mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso, shingo imekaza. Wanatembea wameinama, kwa hatua fupi za haraka, hivyo ukikutana nao unauona mzigo kabla ya kumwona aliyeubeba. Mke wangu na mimi tumeishi mjini miaka mingi tukinunua mizigo hiyo kila wiki, tukipatana bei, tukishukuru na kuingia ndani, bila kufika ilikotoka. Safari zetu zilikuwa za pande nyingine: meli ya kwenda Goma, mpaka wa Ruzizi, au barabara ya kushuka bondeni kwenda kwetu Uvira. Walungu, iliyo umbali wa kilometa arobaini na kitu tu kutoka Bukavu, tuliijua kwa redio.

Redio haikudanganya. Ilituambia juu ya Kaniola, Mei 2007, watu waliouawa usiku vitandani mwao. Ilituambia juu ya wanawake waliotekwa na kupelekwa msituni, wengine wakafika hospitali ya Panzi, ile iliyoanzishwa mwaka 1999, wakiwa hawawezi hata kukaa. Daktari Denis Mukwege wa hospitali hiyo alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, dunia nzima ikasikia habari za vijiji vyetu. Nilifurahi kama Wakongomani wote. Lakini niliona pia kwamba jina Walungu lilikuwa limekuwa jina la jeraha, na si kwa wageni wa mbali peke yao. Hata sisi, majirani wa kilometa arobaini, mtu akisema ametoka Walungu tulimhurumia kabla hatujamsalimia.

Ni mke wangu aliyeamua. Yeye ni Mushi, yaani wa kabila la Bashi, ingawa alizaliwa na kusomea Bukavu. Babu yake alitoka Ngweshe, mojawapo ya shefari mbili, yaani himaya za machifu, za teritware ya Walungu, nyingine ikiwa Kaziba. Mimi ni mtu wa Uvira, wa joto, wa mchele na ndagala. Septemba 2022, siku ambazo mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na watu wanapanda maharage, akaniambia: "Baba watoto, twende tuwaone watu wakiwa kwao." Watoto walikuwa wakubwa, nyumba ilikuwa na mtu wa kuilinda, pikipiki ilikuwa nzima. Akafunga chumvi, sukari, sabuni na viberiti kwenye mfuko, akavaa kofia ya usalama juu ya kitambaa, tukapanda.

Tulichagua pikipiki kwa sababu ni yetu na inakula mafuta kidogo. Faida yake nyingine niliijua njiani. Ndani ya gari umefungiwa na vioo, na watu wa kando ya njia wanapita mbele yako kama picha. Juu ya pikipiki uko nao. Unasikia harufu ya majani ya mikalitusi yaliyolowa, ya matofali yanayochomwa, ya mihogo iliyoanikwa. Mtoto akikupungia unaweza kumjibu kwa jina la shule iliyoandikwa kwenye daftari lake. Na mke wako yuko nyuma yako, kidevu chake karibu na bega lako, anasema mambo ambayo nyumbani hayapati nafasi. Nyumbani tunazungumza ada ya shule, maji yaliyokatika, umeme uliorudi saa saba za usiku. Kati ya Bukavu na Nyantende alianza kunisimulia jinsi babu yake alivyokuwa akishuka mjini kwa miguu kuuza jibini, na jinsi alivyokataa maisha yake yote kulala Bukavu hata usiku mmoja. Tumeoana miaka mingi na sikuwa nimewahi kulisikia hilo.

Baada ya Nyantende barabara inapanda. Mvua ya usiku ilikuwa imeifanya nyekundu na laini, na kwenye mteremko mmoja vijana walikuwa wamefunga kamba kukatiza njia, majembe mkononi. Msafiri yeyote wa Kivu anawajua: wanaziba mashimo kwa mawe na udongo, halafu wanaomba chochote. Madereva wengi hawasimami. Wanapunguza mwendo, wanatupa noti ya faranga mia tano dirishani, kamba inashuka, wanakwenda. Nami nilikuwa tayari nimeshika noti mkononi pamoja na klachi. Mke wangu akanigusa begani: "Zima injini kwanza."

Nikazima. Ni ajabu jinsi kimya kinavyobadilisha mazungumzo. Injini ikiwa inanguruma, unachosema ni agizo tu: chukua, fungua, ondoka. Ikizimwa, mtu anakuja mpaka ulipo na anakuwa na uso. Mke wangu akavua kofia, akasema "Asinge", wakamjibu wote kwa pamoja, na kijana mmoja akaweka jembe chini na kufuta mikono kwenye suruali kabla ya kumpa mkono. Alikuwa amepata diploma ya serikali. Alitaka kusomea kilimo chuoni, fedha hazikutosha, akarudi nyumbani. Alituonyesha mahali maji yanapochimba chini ya barabara: si pale kwenye shimo tunalolilaani sisi wapita njia, bali mita kadhaa juu yake, kwenye mfereji uliozibwa na udongo ulioporomoka kutoka shamba la juu. "Tukiziba shimo tu, kesho liko palepale," alisema. "Lazima tuanzie kwa mfereji." Walikuwa wakichimba mfereji huo bila mtu kuwaagiza na bila mshahara. Tukawapa tulichokuwa nacho, wakatusaidia kusukuma pikipiki kwenye tope mpaka juu, na mmoja akatuonya juu ya daraja la miti lililo mbele, kwamba tushike upande wa kushoto.

Kutoka hapo ikawa desturi yetu. Kila tulipofika penye watu, nilizima injini, tukavua kofia, tukasalimia, halafu ndipo tukauliza njia, hata pale ambapo njia ilikuwa moja na tuliijua. Msafiri asiyeuliza kitu hawapi watu mahali pa kuanzia. Anayeuliza njia amewapa wenyeji nafasi ya kuwa wenyeji.

Mugogo ni soko kubwa la njia hiyo, na siku tuliyofika lilikuwa limejaa mpaka barabarani. Msimu wa kupanda unaubadilisha uso wa soko: watu hawanunui maharage ya kula, wananunua mbegu, na mbegu haichaguliwi harakaharaka. Mke wangu aliinama mbele ya mama mmoja aliyekuwa na mafungu manne, mekundu, meupe, ya njano na yenye madoa. Kipimo kilikuwa kopo la Guigoz, lile la maziwa ya watoto, ambalo huku kwetu limekuwa mizani ya soko zima. Yule mama alilijaza kopo, akalitikisa, akalijaza tena mpaka maharage yakasimama kama kichuguu, akamimina. Kisha akachota konzi nzima kwa kiganja na kuiongeza juu: matabishi. Kabla ya kufunga mfuko akachambua punje tatu zilizotobolewa na wadudu na kuzitupa kando.

"Munapanda wapi?" akauliza. Mke wangu akamwambia hatuna shamba, tunatembea tu. Yule mama akacheka kwa furaha, akamwita jirani yake aje awaone watu wanaotembea tu. Lakini swali la pili lilikuwa zito: baba yako ni nani, na babu yako alitoka kilima gani? Mke wangu akajibu. Wakatajiana majina, wakapanda kizazi kimoja, wakashuka kingine, na mwisho wakapata shangazi mmoja aliyeolewa mahali ambapo dada wa yule mama pia aliolewa. Undugu wenyewe ulikuwa mwembamba, mtu wa mjini asingeuhesabu. Pale uliwatosha. Tukapewa vigoda vya kukalia na ndizi mbivu, na yule mama akamwambia mke wangu aina gani inafaa bondeni kwenye maji na ipi inavumilia kilimani kwenye udongo uliochoka. Ni elimu ambayo wataalamu wa kilimo wangependa kuwa nayo, na ilitolewa bure katikati ya soko, kwa mnunuzi asiye na shamba. Akanunua makopo mawili ya zile za kilimani. Nilimuuliza atayafanyia nini. Akasema tutaona.

Walungu penyewe, makao makuu ya teritware, ni mji mdogo wa ukungu. Kwa mtu wa Uvira ni baridi ya kweli. Nilivaa koti na sikulivua. Kuna ofisi ya msimamizi wa teritware, parokia, hospitali, maduka ya simu na sabuni, vijana wa pikipiki wakisubiri abiria. Tulikunywa chai dukani kwa mzee mmoja ambaye, alipojua tunatoka Bukavu, hakutuuliza habari za vita wala za siasa. Aliuliza kama mahali pale Nyawera ambapo Monsinyori Munzihirwa aliuawa panatunzwa. Christophe Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 huko Lukumbo, katika teritware hii hii. Alikuwa Mjesuiti, akawa askofu mkuu wa Bukavu katika miaka ambayo maelfu kwa maelfu ya wakimbizi walikuwa wamevuka kutoka Rwanda na kuujaza mji na vilima vyake. Aliwatetea wakimbizi na aliwatetea wenyeji, akisema wazi wakati wakubwa wengi walikuwa wamenyamaza au wamekimbia. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa barabarani. Tumezoea kumhesabu kuwa ni wa Bukavu, kwa sababu huko ndiko alikofia. Yule mzee alimtaja kama mtoto wa kilima cha jirani ambaye mama yake alijulikana, na aliona ni jambo la kawaida kabisa kwamba mtu aliyelelewa huku awafungulie mlango watu waliokimbia. "Alifanya kama kwao," alisema, akatuongezea chai.

Gurudumu la nyuma lilitoboka jioni, mbele ya Walungu, upande wa Burhale. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima na mvua ilikuwa inakuja. Niliikokota pikipiki mpaka kwenye njia ya mguu iliyoingia kwenye migomba, ambako tuliona moshi. Nilikuwa mbele, nimevaa koti refu la mvua na buti. Watoto wawili waliokuwa njiani walituona, wakasimama, kisha wakatoweka kwenye migomba bila sauti. Mlango ukafungwa. Hata mbwa hakubweka. Moshi uliendelea kupanda, kwa hiyo watu walikuwepo, lakini boma lilikuwa limekuwa tupu mbele ya macho yetu.

Nilielewa mara moja, na nadhani kila mtu wa Kivu angeelewa. Katika vilima hivi, wanaume waliovaa makoti na buti walifika jioni kama ile, miaka nenda miaka rudi, na waliokawia kujificha hawakuishi kusimulia. Mke wangu akaniambia nibaki na pikipiki, nivue koti. Akavua kofia, akafunga kitenge vizuri, akasimama mwanzo wa kiwanja bila kuingia. Kisha akaanza kusema kwa Mashi, kwa sauti ya kusikika lakini isiyo ya kelele. Alisalimia. Alitaja jina la baba yake, jina la babu yake na kilima chake. Alisema huyu ni mume wangu, mtu wa Uvira, gurudumu limetoboka, mvua inakuja. Akanyamaza. Akarudia yote tangu mwanzo, polepole zaidi. Akanyamaza tena. Mvua ilianza kudondoka kwenye majani ya migomba. Nilitaka kumwambia turudi barabarani, yeye hakusogea.

Ndipo sauti ya mwanamume mzee ikauliza kutoka ndani: bibi yako, aliyemzaa baba yako, alikuwa wa ukoo gani? Akajibu. Kikawa kimya kidogo, na nyuma ya mlango nikasikia wanawake wakinong'onezana. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa muzee mwenye fimbo, na nyuma yake mkewe ameinua taa ndogo ya sola. "Mukuje ndani," alisema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu. "Mutalala wapi na hii mvua? Hakuna kwenda."

Nimeufikiria mlango ule mara nyingi. Watu husifu ukarimu wa vijijini kana kwamba ni wa watu wasiojua ubaya, kana kwamba wanafungua kwa sababu hawajawahi kuumizwa. Wale waliumizwa. Walijua kabisa kinachoweza kuingia kwa mlango uliofunguliwa jioni. Walitupima, wakatuuliza swali ambalo mwongo asingeweza kulijibu, halafu wakafungua. Ukarimu wao una macho. Kwangu mimi una thamani kuliko ule wa mtu aliye salama, kwa sababu kila mara unaamuliwa upya na kila mara una gharama. Nao hautimizwi na mwenyeji peke yake. Mgeni naye ana sehemu yake ya kazi: kusimama mbali, kuonyesha uso, kujieleza, kusubiri bila kununa. Mke wangu aliijua kazi hiyo kuliko mimi. Nilimwona jioni ile kwa namna ambayo miaka ya kukaa nyumba moja haikuwa imenionyesha.

Ndani, mambo yalikwenda haraka. Muzee alipothibitisha kwamba nimeoa kwao, niliacha kuwa mgeni nikawa mukwe, na mukwe ana heshima yake. Nilikatazwa kabisa kuigusa pikipiki. Mjukuu wa kiume akaitoa tairi kwa chuma na kijiko, akaziba tundu kwa gundi na kipande cha mpira wa zamani akimulikiwa na simu ya dada yake. Mke wangu alikwenda jikoni, na mfuko wake wa chumvi na sukari ukaenda naye. Zawadi za namna hiyo hazipokewi sebuleni mbele ya wanaume, zinapita mlango wa nyuma, kutoka mkono wa mwanamke kwenda mkono wa mwanamke. Tukaletewa bugali, sombe, bakuli la mashanza, ile jibini laini ya Kishi, na kwa heshima ya mukwe, dende.

Dende ni mnyama mdogo mwenye manyoya, hafiki hata ukubwa wa sungura, na ukiingia jiko la Kishi utamsikia kabla ya kumwona, akilia kwa sauti nyembamba chini ya kuni. Mama wa nyumba alinieleza kwa nini wanawafuga wengi. Zamani boma lao lilikuwa na ng'ombe na mbuzi. Waliokuja usiku waliwaswaga wote. Wakanunua mbuzi wengine, wakachukuliwa tena. Dende hakuna mtu anayejisumbua kumwiba, anakula majani na maganda, anazaa upesi, na siku ya kukimbia unawatia kwenye kikapu pamoja na mtoto. Ada za shule za wajukuu zilikuwa zinatoka kwa wanyama hao. Niliwahesabu waliokuwa wakikimbiakimbia miguuni mwetu nikajua maana ya mmoja wao kuwa kwenye sahani yangu. Sikukataa. Kukataa kungekuwa kumwambia yule mama kwamba hana uwezo wa kunikaribisha.

Mvua ilipiga mabati mpaka usiku sana, na muzee alizungumza. Shamba lake, alisema, ni kalinzi: babu yake alitoa ng'ombe kwa chifu, akapewa ardhi hiyo yeye na uzao wake. Sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi yote ni ya Dola, naye aliijua sheria hiyo na kuitaja kwa mwaka wake, lakini kilimani watu bado wanahesabu kwa ng'ombe wa babu. Shida ni kwamba uzao umeongezeka na kilima hakikuongezeka. Kipande alichopewa babu kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Mkewe, aliyekuwa akichambua sombe ya kesho kwenye kona, alidakia bila kuinua kichwa: mwanamke hapati hata kipande hicho. Akitaka kulima cha kwake anakodi kwa bwasa, msimu hadi msimu, analipa kwa kazi au kwa kasiksi, na mwenye shamba akibadili nia anaondoka na jembe lake. "Siye tunalima ya wengine maisha yetu yote," alisema. Muzee hakumpinga. Alikaa kimya, kisha akasema ni kweli, na kwamba binti yake aliyefiwa na mume anateseka kwa jambo hilohilo. Nimehudhuria warsha mjini kuhusu haki ya wanawake juu ya ardhi, zenye chai, kalamu na kofia za bure, na sijasikia suala hilo likisemwa kwa maneno machache namna ile, wala mwanamume akilipokea namna ile.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala bondeni na udongo ulikuwa tayari. Mke wangu akatoa makopo yake mawili ya maharage ya kilimani. Mama wa nyumba aliyamimina kwenye ungo, akayapitisha vidoleni, akauliza aliyeuza ni nani, akaridhika. Tukapanda wote: muzee akitoboa udongo kwa jembe dogo, wanawake wakitia punje mbili kila shimo, mimi nikifukia kwa mguu kama nilivyoonyeshwa, si kwa kukanyaga bali kwa kusukuma udongo kwa kisigino. Shamba lenyewe lilikuwa la yule binti mjane, amelikodi. Hatukumaliza, saa nne walituambia inatosha, mukwe asirudi mjini mgongo ukiwa umevunjika. Mjukuu wa kike, ambaye ndiye aliyemulika kwa simu usiku, alitusindikiza mpaka barabarani. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la mwisho la shule ya msingi. Alitaka kujua kama Bukavu kuna shule yenye maabara ya kweli.

Tulirudi hadi mjini, tukabadilisha tairi, na kesho yake tukashika tawi lingine, la Nyangezi na Kaziba. Huko sitakawia. Nyangezi ina misheni ya zamani na shule ambazo zimefundisha viongozi wengi wa Kivu. Kaziba ni shefari ndogo yenye watu hodari wa biashara. Ukienda Bukavu au Uvira utakuta Mzibaziba yuko nyuma ya kaunta. Wazazi wa Daktari Mukwege walitoka huko, na wahunzi wake walikuwa na sifa tangu zamani. Tulisimama kwa mhunzi mmoja anayetengeneza majembe kutoka vyuma vya magari mabovu, na tukanunua mawili. Tulipovua kofia zetu na kusalimia, mwanawe aliyekuwa akivukuta alisimamisha mivukuto, naye mhunzi, bila kuulizwa, akatueleza kwamba jembe la chuma cha springi halichakai upesi lakini linachosha mkono, hivyo la mwanamke hulipiga jembamba zaidi. Jembe moja lilikwenda kwa binti mjane wa Burhale, tukimpa dereva wa basi dogo aliyelikabidhi siku ileile na kutupigia simu kusema limefika.

Mwaka 2024, shule zilipofunguliwa, yule mjukuu wa kike alikuja kukaa kwetu ili asome. Muzee alimleta mwenyewe, akalala usiku mmoja tu, akarudi. Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa waasi wa M23. Benki zikafungwa, maghala yakaporwa, watu wakajifungia ndani siku nyingi, na baadaye mapigano yakasogea mpaka vilima vya Walungu. Kwa majuma tulikosa habari za boma lile. Msichana hakulia mbele yetu. Aliamka mapema, alifagia kiwanja, alisoma kwa mwanga wa dirisha, na mke wangu akawa analala naye chumba kimoja. Siku risasi zilipokaribia, akamfundisha kutaja majina ya babu zake hadi wa nne, na ya mabibi zao, na kilima cha kila mmoja.

Simu ilipoita hatimaye, ilikuwa namba ya jirani yao. Muzee alikuwa amepanda juu ya kilima kutafuta mtandao. Walikuwa wamekimbia na kurudi. Dende walikuwa wamepona, kikapuni. Sasa anapiga Jumapili, mtandao ukikubali. Anaanza kwa kuuliza mvua ya Bukavu, bei ya unga, afya ya mama yangu wa Uvira ambaye hajawahi kumwona, kisha ndipo anamwulizia mjukuu wake na alama zake za kemia. Mara ya mwisho alisema maharage ya kilimani yamekomaa vizuri, mbegu ni ileile ya Mugogo, na kwamba njia ikitulia atatutumia nusu gunia kwa gari la mizigo. Mke wangu akamwambia asitume, tutakuja kuyachukua wenyewe, na akamwuliza jikoni wanahitaji nini.